Kusimamisha Top Gear hakukuwa woga

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika safu ya barua za wasomaji. Jumapili iliyopita, kwenye gereji yangu hapa Makambako, nilizima televisheni katikati ya ubishi na kuwaambia vijana waende makwao. Sijawahi kufanya hivyo. Jumapili jioni kwetu ni ya magari. Saa kumi tunanawa mikono kwa sabuni ya unga, mtu analeta karanga, tunachomeka flashi yenye vipindi vya zamani vya Top Gear na kuangalia mpaka giza liingie. Siku hiyo kijana mmoja alikuwa akisoma kwenye simu maoni ya watazamaji wa Uingereza ambao hadi leo wanataka kipindi kirudishwe. Akasema kwa sauti, "BBC wamekiua kwa woga." Wenzake wakaitikia. Ni neno hilo, woga, lililonifanya nizime televisheni, na ndilo lililonifanya nichukue kalamu.

Kwa msomaji asiyekifahamu, Top Gear kilianza mwaka 1977 mjini Birmingham, kipindi kidogo cha eneo moja tu, kikiwaeleza watu gari lipi linafaa kununuliwa. Mwaka uliofuata kikaonyeshwa Uingereza nzima. Kilisimamishwa 2001, kikafufuliwa 2002 kwa sura mpya, nyumbani kwake pakiwa Dunsfold, uwanja wa zamani wa ndege ulio eneo la Surrey, kusini-magharibi mwa London. Sisi wa huku tulikijua katika sura hiyo ya pili, ya Jeremy Clarkson, Richard Hammond na James May. Hao walipoondoka 2015 wakaja wengine, na kuanzia 2019 watangazaji walikuwa Paddy McGuinness, Chris Harris na Andrew Flintoff, nahodha wa zamani wa timu ya kriketi ya England, ambaye kwao wanamwita Freddie.

Tarehe 13 Desemba 2022 Flintoff alikuwa Dunsfold akiendesha Morgan Super 3. Hilo ni gari la wazi lisilo na paa, lenye magurudumu matatu, mawili mbele na moja nyuma, kinyume cha bajaji. Likapinduka. Hakuwa na helmeti. Amesimulia mwenyewe katika filamu ya maisha yake iliyotoka Aprili 2025, ambayo vipande vyake vimefika hata kwenye simu za vijana wangu, kwamba aliburuzwa kifudifudi chini ya gari kwa takriban mita 50. Alidhani amekufa, kwa sababu fahamu anazo lakini haoni kitu, kumbe kofia yake ilikuwa imeshuka ikamfunika macho. Uso wake uliharibika. Kazi ya kurekodi ikasimama, na Novemba 2023 BBC wakatangaza kwamba kipindi kinapumzishwa kwao Uingereza, bila tarehe ya kurudi.

Sasa nieleze kwa nini jambo la Surrey linamhusu mzee wa Makambako.

Niliendesha malori kwa miaka 17, Dar es Salaam hadi Tunduma, na mara nyingi kuvuka kwenda Zambia. Septemba 2008 nilikuwa narudi na shaba kuelekea bandarini. Breki za tela zilikuwa dhaifu upande mmoja, na nililijua hilo tangu Tunduma. Nilipofika hapa Makambako, baada ya kupima mizani, nikampigia simu msimamizi wa yadi, nikamwambia nataka kulala hapa ili fundi afungue ngoma za breki za tela akague lainingi, vile vipande vinavyobana ngoma gari lisimame. Jibu lake nalikumbuka neno kwa neno: "Meli haisubiri lainingi." Nilikuwa na watoto wanne na karo ya wawili nilikuwa sijaimaliza. Nikawasha gari, nikaondoka.

Anayeijua barabara hiyo anaujua Mlima Kitonga. Ukitoka Iringa kuelekea Morogoro unateremka kona baada ya kona, upande mmoja ukuta wa mawe, upande wa pili korongo. Niliingia mlimani kwa gia ndogo kama nilivyofundishwa. Kwenye kona ya tatu nikasikia harufu ya lainingi inayoungua. Nikatazama kioo cha pembeni, moshi unatoka kwenye tairi za tela. Geji ya upepo inashuka. Nikakanyaga breki, gari halikuitika. Nikamwambia tandiboi wangu aruke. Akaruka, akavunjika mkono, lakini yu hai hadi leo, anauza mbao Mafinga. Mimi nikabaki na tani 28 mgongoni na uamuzi mmoja tu, ukuta au korongo. Nikapeleka kichwa cha gari ukutani.

Taya langu lilivunjika sehemu mbili. Mdomo wa juu ulipasuka hadi chini ya pua, na meno sita yakaenda. Walinifunga taya kwa waya kwa wiki sita, nikawa nakunywa uji kwa mrija. Mwanangu wa mwisho alikuwa na miaka minne, na kwa siku tisa alikataa kuingia chumba nilichokuwa nimelala. Nilizihesabu. Mama yake alikuwa akimbeba hadi mlangoni, anamwambia huyu ni baba, sikiliza sauti yake. Lakini na sauti nayo haikuwa yangu, maana mtu aliyefungwa taya anaongea kama aliyezibwa mdomo kwa kiganja. Mtoto alikuwa akilia, mama yake anarudi naye sebuleni, na mimi nageukia ukuta.

Ni katika wiki hizo ndipo Top Gear ilipoingia nyumbani kwangu. Mpwa wangu aliyekuwa akisoma Dar es Salaam alikuja kuniona, akaniletea CD nane alizonunua kwa machinga Kariakoo. Kiingereza changu ni cha mpakani, cha karatasi za forodha. Hakikunizuia. Gari likizama kwenye tope huhitaji kamusi, na palipohitajika maneno mpwa alikuwa akinitafsiria.

CD ya kwanza tuliyoweka ilikuwa na ile Hilux ya mwaka 2003. Wasomaji wengi wa umri wangu wataikumbuka. Walinunua Hilux ya dizeli ya mwaka 1988, iliyokwisha kutembea zaidi ya kilomita 300,000, wakaamua kuiua. Waliishusha ngazi, wakaigonga kwenye mti, wakaifunga ufukweni bahari ikajaa na kuimeza. Wakaiangushia nyumba ya kukokotwa, wakaipiga kwa lile tufe la chuma la kubomolea majengo, wakaichoma moto. Mwisho wakaipandisha juu ya ghorofa la mita 73 na kulibomoa ghorofa hilo kwa baruti, gari likiwa juu. Kila mara fundi aliingia na spana zake, bila spea mpya, na kila mara injini iliwaka. Mimi niliyekuwa kitandani na waya mdomoni nililitazama gari lile linafukuliwa kwenye kifusi, paa limebonyea, halina kioo, na linawaka. Nilicheka mpaka ikabidi nishike taya kwa mikono miwili. Iliniuma vibaya sana. Nikamwambia mpwa arudishe nyuma tuangalie tena.

Na huyu mtoto wa miaka minne alisikia kicheko. Siku hiyo, siku ya kumi, alikuja mwenyewe akasimama mlangoni kuangalia gari linachomwa. Kufika jioni alikuwa amekaa miguuni kwangu. Leo ana miaka 21, yuko VETA, anasomea umeme wa magari.

Kwa hiyo, Mhariri, mtu asinieleze mimi thamani ya kipindi hiki. Nakililia kama mwingine yeyote. Machi 2013 kilipoonyesha wale watatu wakitafuta chanzo cha Mto Nile, wakipita Uganda na Rwanda hadi kuingia Tanzania kwa magari matatu yaliyochoka, BMW, Volvo na Subaru, yote stesheni wagoni, nilikuwa nimeshafungua gereji. CD ilipotufikia tuliijaza gereji mpaka watu wakasimama barabarani. Tuliyaona magari ya aina tunayoyatengeneza kila siku, kwenye tope jekundu tunalolikanyaga kila masika. Walipokwama, vijana wangu walikuwa wakipiga kelele wafanye nini, kana kwamba Clarkson anawasikia. Wawili kati ya waliosimama barabarani siku ile waliomba kazi kwangu mwezi huohuo.

Lakini nirudi kwa hao wanaotaka kirudishwe, maana nimewasikiliza. Mpwa wangu yuleyule, sasa mtu mzima mwenye familia, hunisomea wanayosema.

Kuna wanaosema kipindi kilikufa zamani, Machi 2015, BBC walipokataa kuongeza mkataba wa Clarkson kwa sababu alimpiga mtayarishaji wakiwa kazini. Wakati ule watu zaidi ya milioni moja walitia saini mtandaoni kutaka abaki. Saini hizo zikapelekwa BBC mjini London kwa gari la kijeshi lenye mzinga, na juu yake amekaa mtu aliyevaa nyeupe na helmeti kama Stig, yule dereva wao asiyeonyesha uso. Niliona picha zake na zilinikasirisha. Mtu aliyepigwa alikuwa mfanyakazi. Alikuwa na midomo kama yangu, na ndiyo iliyotoka damu. Milioni nzima ya watu walijitokeza kwa ajili ya aliyepiga.

Na si kweli kwamba kilikufa. Waliofuata hawakuanza vizuri, hilo nakubali, na kuna msimu tuliouacha katikati. Lakini wale watatu wa mwisho walikaa sawa. Harris anaendesha gari kama mtu aliyezaliwa nalo. Akiingia kwenye kona unaona mikono imetulia, macho yanaangalia anakokwenda. Nimewasimamishia vijana picha mara nyingi niwaonyeshe mikono ile. Flintoff alikuwa mtu mzuri tu, mwenye moyo, anayekubali kila anachoambiwa ajaribu. Ninapolifikiria hilo la mwisho sasa, nalifikiria kwa namna nyingine.

Kuna wanaosema wawarudishe wazee. Wazee wenyewe wameshaaga. Septemba 2024 Clarkson, Hammond na May walionyesha safari yao ya mwisho pamoja katika kile kipindi chao kingine, The Grand Tour. Walianzia Zimbabwe, wakamalizia Kubu, lile jabali lililo katikati ya jangwa la chumvi la Botswana, mahali walipowahi kufika na Top Gear mwaka 2007. Walishuka kwenye magari yao wakaagana. Mtu akikuaga vizuri namna ile, mwache aende.

Halafu wapo hawa wa woga. Hawa wana hoja moja nzito, na kijana wangu aliitoa siku ile. Alisema, mbona Hammond alipoumia mwaka 2006 kipindi hakikufa? Ni kweli. Septemba 2006 Hammond alikuwa kwenye gari la injini ya ndege karibu na York, mwendo zaidi ya kilomita 460 kwa saa, tairi la mbele likapasuka. Aliumia ubongo. Januari 2007 alirudi kwenye kipindi na watu wakampigia makofi. Kijana akasema, huo ndio uanaume, siku hizi watu wamekuwa waoga.

Sikumjibu vizuri siku hiyo kwa sababu nilikuwa na hasira. Namjibu hapa. Hammond alikuwa amefungwa mikanda na kuvaa helmeti, ndani ya gari lenye vyuma vya kumkinga, na hata hivyo nusura afe. Miaka 16 baadaye, kipindi kilekile, chini ya shirika lilelile, mtu anapandishwa kwenye gari la wazi kichwa kikiwa wazi. Mimi sioni uanaume hapo. Naona mahali pa kazi palipopewa onyo na damu ya mtu, kisha pakasahau.

Kuna jambo jingine ambalo kijana wangu hakulijua. Mwaka 2024 Chris Harris alisema hadharani kwamba miezi mitatu kabla ya ajali ya Flintoff aliwaendea BBC akawaambia kwamba wasipobadilisha kitu, mtu atakufa kwenye kipindi hiki. Mpwa aliponisomea hayo nilimwomba asome tena. Niliiona simu yangu mkononi, hapo kwenye mizani ya Makambako, mwaka 2008. Kumbe na kule kwa wakubwa, kwenye fedha na kamera na mawakili, kuna mtu alipiga simu ileile.

Tuna msemo wetu, ajali haina kinga. Nimeusikia kwenye kila msiba wa barabarani niliohudhuria, na nilihudhuria mingi nikiwa dereva. Ulisemwa juu ya kitanda changu pia, na msimamizi yuleyule wa yadi, aliyekuja kunipa pole. Nilikuwa na waya mdomoni, sikuweza kumjibu. Ajali yangu ilikuwa na kinga, Mhariri. Kinga yake ilikuwa fundi mmoja, spana, na usiku mmoja wa kulala Makambako. Ya Flintoff ilikuwa na kinga, helmeti ya kawaida kama anayotakiwa kuvaa dereva wa bodaboda.

Kampuni ilinipa kiroba cha mchele na shilingi laki tatu, nikatia saini karatasi ambayo sikuweza kuisoma vizuri kwa maumivu. Sijaandika barua hii kuidai. Ninachotaka vijana wangu wakijue ni kitu kingine. Lori lile lilivutwa kutoka Kitonga, likanyooshwa chesisi, likabadilishwa kioo na bampa, na wiki ya tano lilikuwa barabarani na dereva mwingine. Tandiboi wangu aliliona likipita Mafinga, bendeji yake ikiwa bado mkononi. Wiki ya tano mimi bado nilikuwa nakunywa uji kwa mrija. Hakuna kilichosimama kwa ajili yangu. Hakuna hata safari moja iliyoahirishwa ili mtu aulize breki za tela zilikuwaje. Yule dereva aliyenirithi sikumfahamu, lakini nilikuwa simalizi usiku bila kumfikiria kwenye ile kona ya tatu.

Flintoff, anasema, alikaa miezi mingi asitoke nyumbani isipokuwa kwenda hospitali. Septemba 2023 alipoonekana Cardiff pamoja na timu ya England, makovu yakiwa puani na mdomoni, niliikuza picha ile kwenye simu na kuitazama kwa muda mrefu. Najua kila mshono wa mdomo wa juu unavyovuta ukitaka kunywa maji. Na nikafikiri, kwa ajili ya mdomo huu wamesimamisha kipindi kilichoanza 1977, kinachouzwa dunia nzima na kuwaingizia fedha nyingi. Wangeweza kumweka mwingine kwenye kiti chake baada ya wiki tano. Walisimama. Kijana wangu anaita huo woga. Mimi nimeusubiri woga huo tangu 2008.

Siwasifu BBC kupita kiasi. Walisimama baada ya mtu kuburuzwa, hawakusimama Harris alipowaambia. Na ule uchunguzi wa usalama uliofanywa na watu wa nje, uliokamilika Machi 2023, hawakuuchapisha. Hilo ni kosa. Kama watazamaji wa Uingereza wanatafuta kitu cha kutia saini milioni moja, watie saini ripoti ile ifunguliwe, kila anayetengeneza kipindi cha magari popote aisome, kisha ndipo tuzungumze habari ya kurudi. Kirudi na helmeti. Kirudi na mtu mmoja mwenye mamlaka ya kusema leo haturekodi, na neno lake liwe la mwisho. Nikiona hivyo nitakuwa wa kwanza kuwasha televisheni, na karanga nitanunua mimi.

Vijana wangu nimewaomba radhi kwa kuwafukuza. Jumapili ijayo tutaangalia kama kawaida.

Nina ombi la mwisho kwa wasomaji. Zile CD nane za mwaka 2008 ninazo bado, isipokuwa ile yenye Hilux, ambayo ilipasuka tulipohamisha gereji kutoka karibu na stendi. Kwenye flashi zetu kipindi hicho kimekatika, kinaishia pale gari linapopandishwa ghorofani. Mwanangu wa VETA anataka kukiona chote, anasema anakumbuka moto tu. Kama kuna msomaji Makambako, Njombe au Mafinga aliyenacho kamili, aulize gereji ya dereva mzee upande wa barabara ya Songea, ataelekezwa. Jina langu nimekupa, Mhariri, lakini naomba usilichape, kwa sababu malori ya kampuni ile bado yanapita hapa kila siku na baadhi ya madereva wake ni wateja wangu. Mwezi huu wawili wamelala hapa ili nifungue ngoma za tela.

Dereva mstaafu,
Makambako, Njombe